Nyumba ya Mwisho Kuwekewa Kinga ya Radi

Ukipita katikati ya Kampala ukainua macho, utaona juu ya maghorofa mengi fimbo nyembamba ya shaba imesimama peke yake, kana kwamba wajenzi waliisahau walipokuwa wakishuka. Haikusahauliwa. Niliiweka mimi. Si zote, maana mimi ni mtu mkweli, lakini zile zilizonyooka ni zangu.

Ninyi vijana mnaoanza ufundi leo mna vipimo vinavyosoma vyenyewe na kuwaandikia jibu kwenye kioo. Nataka niwasimulie kazi yangu kabla sijaisahau, au kabla hajatokea mtu akadai aliifanya yeye. Jina langu ni Yusufu, ila kule Kisenyi, kwenye maduka ya vyuma na nyaya, jina hilo halijulikani. Huko naitwa Diploma. Nikitokea tu kwenye kichochoro nasikia, "Diploma huyo anakuja! Toa shaba nzuri, ile nyingine ficha!" Walianza kuniita hivyo kwa kunicheka, kwa sababu nilipofungua karakana yangu nilitundika ukutani diploma yangu ya umeme kabla sijatundika saa. Nami sikuona haya. Nilitoka Kampala nikiwa mtoto wa sajenti wa polisi, nimekulia kambini katika chumba kimoja ambacho pazia ndilo lililokuwa ukuta wake wa pili. Nikaenda Mombasa, nikasoma usiku na kubeba mizigo mchana, nikafanya kazi bandarini, na niliporudi nilirudi na diploma, pikapu, na sanduku la vifaa ambalo mafundi wa hapa walikuja kulitazama kama watu wanaokwenda kumwona mtoto mchanga. Ningetundika nini ukutani? Kalenda?

Kila kijana aliyekuja kuniomba kazi nilimwuliza swali moja kabla ya yote. "Nitajie neno lililo kinyume cha kusababisha."

Wengi walinitazama kama mtu aliyepotea njia. "Mzee, mimi nimekuja kwa kazi ya waya."

"Ndiyo hiyo hiyo. Taja."

Mmoja alisema kuzuia. Mwingine kukataza. Mwingine kukinga, mwingine kuepusha, mwingine kukomesha. Mmoja akafikiri sana, kisha akasema, "Kukaa tu." Huyo nilimwajiri papo hapo, na mpaka leo ndiye fundi hodari kuliko wote niliowalea.

Msidhani nilikuwa nacheza. Maneno haya yote yanasimama upande mmoja, upande wa jambo lisitokee, lakini kila moja lina kazi yake, na fundi wa radi asiyejua tofauti zake atachoma nyumba za watu. Kukataza ni kazi ya mdomo, na radi haina masikio. Kukomesha ni kazi ya aliyechelewa, kwa sababu jambo limekwisha kuanza. Kuzuia ni kusimama mbele ya kitu ukakiambia hapa hupiti. Nani kati yenu atasimama mbele ya radi? Kukinga kunakaribia. Lakini neno la kazi yetu hasa ni kuepusha: kitu kinakuja, kitapita tu, nawe unakitengenezea njia ya pembeni, kipite bila kumgusa mtu.

Hayo nilifundishwa na Mzee Athmani, aliyekuwa fundi mkuu kwenye matangi ya mafuta bandarini Mombasa. Alikuwa na vyeti vingi kuliko mimi, ila yeye aliviweka chini ya godoro. Hiyo ndiyo tofauti kati yetu, na sijui ni nani aliyekuwa na akili zaidi. Siku ya kwanza nilipojigamba mbele ya wenzangu kwamba sasa mimi ni mzuia radi, alinivuta kando.

"Yusufu, usimwambie mtu yeyote kwamba unazuia radi. Radi ni mgeni anayekuja utake usitake. Wewe mwonyeshe mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, asipite juu ya watoto waliolala. Basi. Hiyo ndiyo kazi yetu."

Mzee Athmani alikuwa na desturi moja ambayo sijapata kuiona kwa fundi mwingine, na niliileta Kampala pamoja na sanduku langu. Akishaweka kinga kwenye nyumba, mvua ya kwanza ya ngurumo huenda kukaa ndani ya nyumba hiyo. Hutulia na kuzungumza na wenyewe mpaka mvua ikatike, kisha huaga akaenda zake. Nilimwuliza kwa nini. Alisema sababu ni mbili. "Ya kwanza, ukijua utakaa humo wewe mwenyewe, huwezi kulipua kazi. Ya pili, radi inashuka kwa waya, lakini hofu haishuki kwa waya. Hofu inataka mtu wa kukaa nayo."

Basi mimi miaka yangu yote ya kazi hapa Kampala nilikuwa mtu wa kutazama mbingu. Mnajua mvua zetu zinavyokuja. Mchana jua linawaka, kisha upande wa ziwa mbingu inageuka rangi ya sufuria lililoungua, upepo unapita mara moja, wenye vibanda wanakimbilia maturubai. Wakati wengine wanakimbia kwenda kwao, mimi nilikuwa nawasha pikapu kwenda kwa watu. Nimekwama Nakivubo maji yakiwa magurudumuni, nikapigiwa simu na mwenye nyumba anayelia, "Diploma, imeanza! Uko wapi?" nami namjibu, "Niko njiani, kaa mbali na dirisha."

Nilikaa mvua ya kwanza katika msikiti, katika kiwanda cha magodoro, katika nyumba za matajiri ambao mbwa wao walikula vizuri kuliko sisi kambini. Nilikaa katika shule moja ya msingi juu ya kilima, darasani, kwenye kiti kidogo mpaka magoti yangu yakagusa kidevu. Watoto wale walikuwa wameambiwa radi humfuata aliyevaa nyekundu, na kulikuwa na msichana mmoja mwenye sweta jekundu aliyekuwa amelivua, anatetemeka kwa baridi. Nilimwomba sweta lile. Halikunienea, nikalifunga shingoni. Ngurumo ilipopiga darasa zima likanitazama mimi, wala hawakutazama dirishani. Nikawaambia, "Si mimi niko hapa?" Mwalimu akaanzisha wimbo. Mvua ilipokatika yule msichana alikuja kudai sweta lake kama mtu anayemdai mwizi.

Na Kabalagala nilikaa baa. Hapo lazima niwasimulie, maana ni somo.

Mwenye baa alikuwa bwana mmoja, Kato, mcheshi, mwenye tumbo na haraka. Aliniita nikamwangalizie baa yake ya ghorofani, lakini nilipofika akasema, "Ssebo, bwana wangu, usijisumbue, kinga nimeiweka mwenyewe. Nataka tu useme ni nzuri." Nikaitazama. Juu kulikuwa na fimbo kweli, amefunga juu yake taa za rangi za Krismasi. Nikafuata waya ukishuka ukutani, ukapita nyuma ya spika, ukakatiza baraza, ukaingia ndani ya chungu cha maua.

"Bwana Kato, waya umeishia hapa?"

"Ndiyo. Si uliniambia kwenye simu lazima uingie kwenye udongo?"

"Nilisema ardhini."

"Huu si udongo?"

"Ni udongo. Lakini ni wa maua."

"Kwani radi inajua tofauti?"

"Radi itajua. Maua ndiyo hayatajua."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu alikumbuka mahali wateja wake wanapokaa, kuzunguka chungu kile kile. Vijana, fimbo ya juu ni pambo tu ikiwa haijashikana na ardhi yenyewe. Watu wanapenda kuanzia juu kwa sababu ndipo panapoonekana. Ninyi anzieni chini. Chimbeni mpaka mfike penye unyevu, na kwenye vilima vyetu hivi vyenye udongo mwekundu wa kokoto mtachimba mpaka mtukane. Zungusheni mkaa na chumvi kwenye fimbo ya ardhini, na wakati wa kiangazi mwageni maji hapo kama mnavyomwagilia mche. Waya ukishuka msiukunje kona kali. Upindisheni polepole, kama barabara ya mlimani, kwa sababu radi ina haraka na kwenye kona kali itaruka nje na kuingia kwa mtu. Na tangi la maji la chuma lililo juu ya paa, mlishikanishe na waya huo huo. Halafu pakeni shaba rangi nyeusi, wezi wasiione. Hili Mzee Athmani hakunifundisha, nililigundua mwenyewe, baada ya kuuziwa Kisenyi waya niliokuwa nimeufunga kwa mikono yangu wiki moja kabla. Niliutambua kwa mafundo yake. Mwenye duka alinisifia, "Diploma, waya huu ulifungwa na fundi wa kweli." Ningesema nini? Nilishukuru.

Mvua ya kwanza baada ya kutengeneza upya kinga ya Kato nilikaa katikati ya baa na soda yangu. Radi ilipiga karibu, glasi zikalia. Walevi wote wakanigeukia. "Diploma! Tuko salama?" Nikainua soda. "Si mimi niko hapa?" Wakarudi kwenye bia zao, kelele zikarudi.

Sasa mmenisikia nikijisifu, na nina haki. Lakini katika Kampala nzima kulikuwa na nyumba moja iliyoninyima raha, na nyumba hiyo ilikuwa ya mama yangu.

Niliijenga mimi. Baba alipofariki, Mama alitakiwa kuondoka kambini, nami nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka Mombasa. Nikanunua kiwanja Makindye, juu kabisa, mahali pa upepo mzuri, nikamjengea nyumba ya matofali yenye mabati mapya, nikaandikisha kila kitu kwa jina lake. Nilichagua juu kwa fahari. Nilitaka watu wa kambini wakiuliza, "Mama Yusufu anakaa wapi?" waonyeshwe kwa kidole kikielekea juu. Hapakuwa na nyumba ndefu karibu, hapakuwa na mnara. Fundi yeyote wa radi angeitazama nyumba ile na kushika kichwa. Nami nilikuwa fundi wa radi.

Nyumba ilipokwisha tu nikaenda na fimbo yangu nzuri kuliko zote na ngazi juu ya pikapu. Mama alitoka, akaweka mikono kiunoni.

Kiswahili cha Mama ni cha kambi ya polisi, ambako watu wa kila kabila walikutana wakahitaji kusalimiana haraka. Hana habari na ngeli, na hakuna mtu aliyewahi kushindwa kumwelewa.

"Hiyo chuma ya nini?"

"Ya radi, Mama. Inakukinga."

"Inaita radi. Radi iko na macho. Ukiweka chuma juu, inaona, inasema, ah, kumbe kuna watu hapa."

"Mama, haiiti. Radi ikija inaipeleka chini."

"Hapana. Rudisha kwa gari."

Nikamweleza mpaka koo likakauka. Nikamchorea. Nikamletea diploma. Aliisoma juu chini, akasema imeandikwa vizuri, akaniambia nirudishe chuma kwenye gari.

Ningefanya nini? Nyumba ni yake. Basi ikawa hivi: kila wingu lilipotanda, ikiwa sina mvua ya kwanza kwa mteja, nilikimbilia Makindye. Nilikuta amekwisha kufunika kioo kwa kanga, amechomoa waya wa redio, mabeseni ya nje ameyaingiza ndani, amezima simu, amekaa juu ya mkeka mbali na ukuta. Chai iko kwenye chupa, vikombe viwili vimefunikwa kwa kitambaa. Nami nakaa. Anga linapasuka, mabati yanalia, na mimi mwana wa diploma nahesabu kimya sekunde kati ya mwanga na ngurumo, kwa sababu najua kila kitu kinachoweza kutokea juu ya bati lile. Yeye ananisimulia habari za kambini, nani alioa nani, baba alivyoanguka kwenye gwaride kwa sababu ya kiatu kipya. Mvua ikikatika namwuliza tena.

"Mama, sasa?"

Na kila msimu alikuwa na sababu mpya. Mara majirani watadhani amekuwa tajiri. Mara wezi wa shaba watakuja usiku. Nikamwambia nitaipaka rangi nyeusi. Akasema nyeusi ni rangi ya msiba. Nikamwambia nitapaka kijani. Akasema, "Kijani? Wewe unataka watu wacheke mimi?" Kila mlango niliofungua alifunga mwingine, naye alifanya hivyo akitabasamu, ananimiminia chai.

Siku moja mvua ilinikuta ng'ambo ya pili ya mji. Nilikuwa na mvua ya kwanza kwenye nyumba ya wazee wawili, mume na mke, waliokuwa wameshikana mikono tangu wingu la kwanza. Sikuweza kuwaacha. Nikiwa pale niliona mwanga mmoja mkubwa upande wa Makindye, na ngurumo yake ilinifikia nikiwa nimekwisha kusimama. Nikampigia Mama. Simu imezimwa. Bila shaka imezimwa, huizima kila mvua. Nikajiambia hivyo tena na tena huku mvua haikatiki, na wale wazee wananitazama wanipime uso, nami nawaambia, "Si mimi niko hapa?" na nusu yangu haikuwa pale.

Ilipokatika niliendesha gari kama mwenye wazimu. Nilipofika juu niliona moshi, nikashindwa kuteremka kwenye gari. Ulikuwa ni mfenesi wa jirani. Umepasuka katikati toka juu hadi chini, mafenesi yametapakaa njiani, hatua chache tu kutoka jikoni kwa Mama.

Niliingia bila kubisha. Alikuwa juu ya mkeka. Kanga iko kwenye kioo. Vikombe viwili chini ya kitambaa.

"Umechelewa," alisema. "Chai iko baridi."

Nilimshika mikono yote miwili. Nikapiga magoti. "Mama, nakuomba. Kesho naleta fimbo. Nakuomba kwa roho ya Baba."

Aliitoa mikono yake, akafunua vikombe, akanimiminia ile chai baridi. Nikadhani amekubali. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayejikatia nyama yake mwenyewe, "Hapana, mwanangu. Bado."

Dada yangu Zaituni aliposikia alikasirika. Yeye ni mtu wa vitendo, anauza vitambaa sokoni na hana subira na mtu. "Wewe fundi gani unayebembeleza? Mama anakwenda Arua kwenye matanga ya shangazi. Akiondoka, panda, weka, maliza. Akirudi atapiga kelele siku moja, basi."

Nilikubali. Mama akapanda basi la Arua, nami nikapandisha ngazi ukutani. Nilifika mpaka kwenye paa, nimeshika kibano mkononi. Nikakaa pale juu ya bati la moto nikaitazama Kampala nzima, vilima vyake vyote, na karibu kila kilima kina kazi yangu. Nikawaza: mvua ya kwanza nitakuja kukaa humu, kama ninavyokaa kwa kila mtu. Nitakaa mkekani, atanimiminia chai, naye hajui nilichofanya juu ya kichwa chake. Nitamtazama usoni namna gani? Nyumba nyingine zote niliingia kwa sababu wenyewe walinifungulia. Nikateremsha ngazi. Zaituni aliniita fundi wa kubembeleza.

Kisha magoti yangu yakaanza kuuma. Fundi wa radi bila magoti ni kama fundi wa bomba bila mikono. Nikaiachia karakana vijana niliowafundisha, yule wa "kukaa tu" nikamfanya mkubwa wao, nikachukua diploma yangu ukutani nikaifunga kwenye taulo. Nikaenda moja kwa moja kwa Mama. Alikuwa uani anachambua maharage. Anga lilikuwa safi kabisa.

"Mama, nimeacha kazi."

Akaendelea na maharage. "Wamekufukuza?"

"Nani anifukuze? Karakana ni yangu. Nimestaafu."

"Kwa hiyo wale watu? Wa mvua ya kwanza?"

"Vijana watakwenda kukaa nao. Nimewafundisha."

"Na wewe, mvua ikianza, unakwenda wapi?"

"Siendi popote, Mama. Sina tena pa kwenda."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Alinitazama, akatazama bati, akapuliza makapi ya maharage yakaruka.

"Basi lete ile chuma yako."

"Mama?"

"Lete. Weka. Kwani wewe iko kiziwi?"

Niliiweka kesho yake, magoti au si magoti. Ninawaambia kwa fahari kwamba hakuna ikulu wala benki yenye kinga kama ile. Nilichimba mwenyewe mpaka nikapata udongo unaoshikana mkononi. Nilitia mkaa niliouchagua kipande kwa kipande. Waya unashuka ukutani kwa mpindo laini, umepakwa rangi ile ile ya ukuta, huwezi kuuona mpaka uonyeshwe. Mama aliweka kiti uani akasimamia kazi.

"Yusufu! Hiyo chuma iko pinda."

"Mama, haijapinda. Nina diploma."

"Diploma iko nyooka. Chuma iko pinda."

Sitawaambia kama ilikuwa imepinda. Nitawaambia tu kwamba nilipanda tena.

Mvua ya kwanza ilikuja baada ya siku chache, alasiri, kubwa. Nilikuta kioo kimefunikwa kwa kanga. Nikamwambia, "Mama, kioo sasa hakina haja." Akasema, "Kiache." Tukakaa mkekani. Akafunua vikombe viwili. Ngurumo ikapiga mpaka chupa ikacheza, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile sikuhesabu chochote. Nilikunywa chai yangu ikiwa ya moto.

Nikamwuliza, "Mama, miaka yote hii. Kwa nini leo?"

Alizungusha kikombe mkononi. "Wewe ulikwenda Mombasa kama mtu amekwenda dukani. Mvua ikija mimi nakaa kule kambini na baba yako, nasema, huko kwa Yusufu inanyesha? Miaka. Halafu ukarudi. Nikafurahi. Nikaona unaweka chuma kwa nyumba ya watu, unakaa nao mvua moja, unakwenda. Umemaliza kwao, haurudi tena. Kweli au si kweli?"

"Kweli. Ndiyo desturi ya kazi."

"Basi mimi nikasema, nyumba yangu asimalize."

Mvua ilikuwa inapiga bati, nami nilishukuru kelele yake.

"Mama, ungesema tu, 'Yusufu, njoo.'"

"Ningesema njoo, ungekuja Idi na Krismasi." Akanipiga begani kwa mgongo wa mkono. "Ile siku ya mfenesi niliogopa sana. Nilitaka kukubali. Halafu nikaona sura yako mlangoni. Nikasema, bado kidogo."

Katika vijana wote niliowauliza swali langu, hakuna aliyewahi kunipa jibu kama hilo. Mimi nilikuwa nashindana na radi. Yeye alikuwa na kitu kingine alichotaka kisitokee, nacho ni kuondoka kwangu, akakiepusha msimu baada ya msimu kwa maneno mawili tu, hapana na bado. Na hana diploma, ingawa alishaisoma yangu.

Mvua ilipokatika nilisimama. Ni mazoea ya mwili. Maji yakianza kudondoka pembeni mwa bati, miguu yangu hutafuta viatu. Mama alinitazama.

"Yule mzee wako wa Mombasa alisema mvua ngapi?"

"Ya kwanza tu, Mama."

"Yeye hakuwa na mama?"

Nikakaa tena.

Ninaandika haya kwenye meza yake. Diploma yangu iko hapa ukutani, alinitaka niitundike sebuleni ili wageni wasichelewe kujua. Sanduku langu la vifaa liko chini ya kitanda cha chumba cha nyuma, ambacho sasa ni changu. Ninyi vijana mtakuwa na vipimo bora kuliko vyangu na waya ambao wezi hawautaki, nami nitawaonea wivu kidogo tu. Ila desturi ya Mzee Athmani ichukueni. Na mtakapokuwa mnakimbia mvua kwenda kukaa na watu wengine, jueni kuna mtu mahali fulani amefunika vikombe viwili.

Wingu limetanda upande wa ziwa. Namsikia anaingiza mabeseni. Nilimwambia jana kwamba mabeseni yanaweza kubaki nje, kinga ipo, hayana neno. Hakunisikiliza. Sasa ananiita.

"Yusufu! Redio bado iko kwa ukuta! Na kioo nani anafunika?"

Kuhusu redio ana haki, hata fundi mkubwa huchomoa redio. Kioo hakihitaji chochote. Naweka kalamu chini, nakwenda kuchukua kanga.